Slaidi namba tisa

Neno slaidi nililisikia mara ya kwanza zahanati, kabla sijajua Kiingereza hata cha salamu. Nilikuwa mtoto bado, homa ilikuwa siku ya tatu, na dada wa maabara alinichoma kidole, akapaka damu yangu kwenye kipande cha kioo, halafu akamwambia mwenzake alete slaidi nyingine. Mama akaniinamia. "Slaidi ndiyo nini?" Kwetu Kivu ya Kusini kipimo kile watu wanakiita kwa Kifaransa, goutte épaisse, yaani tone nene, na kile kioo ni lame. Nikamwambia labda ndilo jina la kioo. Nilipatia. Kwa miaka mingi baadaye slaidi kwangu ilikuwa kioo cha damu, basi.

Leo nina miaka ishirini na kitu. Nafanya kazi na vijana hapa kambini, mkoa wa Kigoma, kwa posho mnayoijua wenyewe, na kwa sababu nilimaliza sekondari na Kiingereza nilikitafuta kwa nguvu, wageni wakija mimi ndiye natafsiri. Kazi hiyo imenifundisha kuogopa maneno madogo. Yale marefu ya kwenye ripoti hayana shida, hata ukikosea hakuna anayegundua. Hatari iko kwenye neno fupi ambalo kila mtu anadhani analijua.

Nitoe mfano. Jioni tunakusanyika vijana kumi hivi na redio moja, tunasikiliza habari za Kiingereza ili tujifunze, na mimi natafsiri kwa sauti. Siku moja mtangazaji akasema katika nchi fulani kumetokea landslide. Nikatafsiri mbio mbio: maporomoko ya ardhi. Kumbe nje ya mlango alikuwa amekaa mama mmoja mwenye ndugu Kalehe, anachambua maharage. Kalehe mnaikumbuka. Mwanzoni mwa Mei 2023 mvua ilishusha mlima juu ya Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa, wengi wakazikwa kwenye makaburi ya pamoja. Yule mama akaachia ungo. Akauliza ni wapi, ni leo, ni wangapi? Nikatega sikio tena, na mtangazaji alikuwa anaongelea uchaguzi. Chama kimeshinda kwa kishindo. Waingereza wakiona kura zimekuwa nyingi mno upande mmoja, wanasema ardhi imeteleza.

Niliomba msamaha. Akasema hakuna neno, mwanangu. Lakini maharage aliyaokota moja moja.

Sasa slaidi namba tisa.

Mwaka jana kulikuwa na semina ya siku mbili kwenye ukumbi wa jamii. Vijana kama arobaini, projekta, jenereta inanguruma nje. Wageni walitoka shirika moja ambalo sitalitaja, na kwa kweli walikuwa watu wema, walikumbuka hadi soda ya mkalimani. Mwezeshaji anabonyeza, anasoma, mimi natafsiri. Slaidi ya nane ilikuwa chati ya mviringo. Ya tisa ikawa picha: mtoto wa kike wa miaka saba hivi, mvua imenyesha, udongo mwekundu umelowa, mkononi ana bidoni ya njano, mguu mmoja umemponyoka mbele na uso umekunjamana kama anayetaka kulia. Chini yake maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba huyu ni mtoto asiye na mlezi, aliye hatarini.

Alikuwa mdogo wangu. Sasa ana miaka kumi na tano, na alikuwa amekaa mstari wa tatu. Mama yetu, huyo mlezi asiyekuwepo, alikuwa nyumbani anapika ugali, kama mita mia tatu kutoka pale ukumbini.

Nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Nikatafsiri, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. Vijana wawili watatu waliomtambua wakacheka. Mdogo wangu hakuangalia ukuta, aliniangalia mimi. Mwezeshaji akabonyeza, ikaja ya kumi, malengo ya mradi. Siku ya pili mdogo wangu hakuja, na kwenye kikundi cha wasichana alikosekana mwezi mzima. Nyumbani alinisalimia kama mtu anavyomsalimia karani wa ofisi.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia neno hili, nikiazima simu ya huyu na kitabu cha yule. Nilitaka kujua ilikuwaje picha ya mtu ikaanza kuitwa kitu kinachoteleza.

Shina lake ni la zamani. Kiingereza cha kale kilikuwa na slidan, kuteleza, na tangu mapema neno lilibeba miguu na dhambi pamoja. Biblia ya Kiingereza ya 1611, katika kitabu cha Yeremia, inalitumia kwa watu walioacha njia ya Mungu: wameteleza kurudi nyuma. Walokole wetu wanaposema fulani amerudi nyuma, wamebaki na nusu ya usemi huo, utelezi wameuacha. Tarehe 8 Julai 1741, kule Enfield katika Connecticut, mhubiri Jonathan Edwards alichukua mstari wa Kumbukumbu la Torati sura ya 32, ule wa miguu itakayoteleza wakati wake ukifika, akauhubiri mpaka watu wakapiga kelele kanisani. Hoja yake ilikuwa kwamba anayesimama penye utelezi hahitaji kusukumwa, uzito wake mwenyewe unatosha. Kiswahili kina huruma zaidi hapo. Wazee wetu walisema kuteleza si kuanguka.

Baadaye neno likahama. Kutoka kwa mguu unaoteleza likaenda kwa kitu kinachotelezeshwa na mkono. William Oughtred, kasisi Mwingereza, katika miaka ya 1620 alipanga vipimo viwili vyenye namba kimoja kando ya kingine, ukisogeza kimoja unapata jibu la kuzidisha. Rula hiyo ya kuteleza ilitumika na wahandisi karne tatu na zaidi, mpaka 1972 ilipotoka kalkuleta ya mfukoni HP-35 ikaanza kuizika. Kwenye hadubini za zamani nako walitumia vijibao vya mfupa au pembe vyenye matundu, kila tundu limebeba bawa la mdudu au unywele, wakavisukuma chini ya lenzi kimoja baada ya kingine. Kioo kilipochukua nafasi ya mfupa, jina likabaki. Kwa hiyo kile kioo cha damu yangu kinaitwa hivyo kwa sababu kinasukumwa, hakuna siri nyingine. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, ndiye aliyeviona vijidudu vya malaria hai kwenye damu ya askari, Constantine, Algeria, Novemba 1880. Kila mama aliyekaa kwenye benchi la zahanati akingoja majibu anangoja kazi ya siku ile.

Kifaransa tulichosomea shuleni hakikukubali mzigo huu wote kwa neno moja. Kioo cha damu ni lame, picha ya ukutani ni diapositive, ile bati wanayotelezea watoto ni toboggan, mlima ukiporomoka ni glissement. Ukitoka Kifaransa kuingia Kiingereza unafikiri umepata nafuu, maneno yamepungua. Halafu unashika kipaza sauti.

Na sasa picha. Karibu 1659 Mholanzi Christiaan Huygens, yuleyule wa saa za pendulamu, alitengeneza sanduku lenye taa ndani na lenzi mbele. Kati ya taa na lenzi kuna mfereji mwembamba. Unachora picha kwenye kioo, unakisukuma kwenye mfereji, taa inaitupa picha ukutani ikiwa kubwa kuliko mtu. Chombo hicho watu walikiita taa ya kichawi. Kinachoteleza ni kile kioo, na ndiyo slaidi ya kwanza ya ukutani. Karibu 1850 ndugu wawili wa Philadelphia, William na Frederick Langenheim, waliweza kutia picha ya kamera yenyewe kwenye kioo. Kuanzia hapo mtu halisi, mwenye uso wake, aliweza kutelezeshwa mbele ya watu asiowajua.

Afrika slaidi ilifika mapema kuliko nilivyodhani, na mmoja wa walioileta ni mtu ambaye huku Kigoma jina lake liko kila mahali. David Livingstone, ambaye Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, alisafiri na taa hiyo. Ujiji kwenye ramani iko jirani na sisi, ila kutoka kambini ni kwa kibali, kwa hiyo nimefika kwa kusoma tu. Mwaka 1854, sehemu za juu za mto Zambezi, alimwonyesha chifu Shinte wa Walunda picha za Biblia. Ya kwanza ilikuwa Abrahamu ameinua kisu juu ya Isaka. Livingstone mwenyewe ameandika kilichotokea. Alieleza, wanawake walisikiliza kimya, halafu akasogeza slaidi. Picha ikatembea, kisu kikawaelekea wao. Wakapiga kelele wakimwita mama, wakakimbia wakikanyagana, na hawakurudi tena. Shinte alibaki mpaka mwisho, kisha akakikagua chombo.

Wanaosimulia kisa hicho hucheka ushamba wa wanawake wale. Mimi baada ya ukumbi ule sicheki. Mtu amekaa gizani, hajui sanduku lina nini, hajui picha inayofuata ni ipi, na mkono unaosogeza si wake. Kisu kikielekezwa kwake, akimbie. Na muone nani alibaki: ni yule aliyeruhusiwa kushika chombo na kukiangalia.

Miaka hamsini baadaye kuna slaidi nyingine, na hii ni yetu kabisa. Kongo wakati huo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, ambaye hakuwahi kukanyaga huko. Kampuni ya mpira ABIR ililazimisha vijiji kuleta mpira wa porini, na walioshindwa walipelekewa walinzi wenye bunduki. Tarehe 14 Mei 1904, kwenye misheni ya Baringa, alifika baba mmoja wa kijiji cha Wala aitwaye Nsala. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwenye majani. Ndani yake kulikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, wa miaka mitano. Walinzi wa kampuni walikuwa wamemuua pamoja na mama yake. Mmisionari Alice Seeley Harris, Mwingereza, alikuwa na kamera. Alimpiga picha Nsala amekaa barazani, anavitazama.

Picha hiyo ikatiwa kwenye kioo cha sentimita 8 hivi kila upande. Alice na mumewe John wakaizungusha Uingereza na Marekani, makanisani na kwenye kumbi za miji, wakishirikiana na chama cha mageuzi ya Kongo alichokianzisha E. D. Morel mwaka huohuo wa 1904. Kulikuwa na hotuba iliyopangwa kabisa na slaidi 60 zake, hata mchungaji wa kijijini ambaye hajawahi kuvuka bahari aliweza kusoma huku msaidizi akisukuma vioo. Taa zinazimwa, watu wanaona, wanalia, wanaimba, wanatoa sadaka, wanaandikia serikali. Leopold alikuwa na magazeti aliyoyalipa yamtetee, lakini ukutani hakuwa na jibu. Mwaka 1908 alilazimika kuiachia Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Uhuru haukuja hapo, tuliungoja mpaka 1960, na tunayoyajua tuliyoyakimbia yamekuja baadaye. Hata hivyo slaidi zile zilifanya kazi, na mtu asiseme picha haisaidii kitu.

Nimeitazama picha ya Nsala mara nyingi kwenye simu, nikiilinganisha na ile ya namba tisa. Zote zimepigwa na mgeni mwenye nia njema, zimeonyeshwa mbali kwa watu wenye pesa, mtu mweusi amekaa kwenye mwanga na wenye viti wako gizani. Nsala hakukaa kwenye kiti hata kimoja cha kumbi zile. Lakini kuna jambo Alice alilifanya ambalo limenishinda kulipita. Aliuliza jina. Akauliza la mtoto, la kijiji, nani aliua na kwa nini. Ndiyo maana leo, zaidi ya miaka mia moja, mimi kijana wa kambini naweza kuandika Boali, na wewe ukasoma Boali. Picha ya mdogo wangu haijafika miaka kumi, na tayari alikuwa hana jina wala mama.

Najua ninyi wa mashirika mtasema nini, maana nakaa nanyi na baadhi yenu ni marafiki zangu. Bila picha mfadhili haelewi, na bila mfadhili bomba la maji lisingefika zoni yetu. Ni kweli. Maji ya bomba hilo nayanywa. Pengine ni bidoni ileile ya njano iliyolileta. Sijaona bado namna ya kuyatenganisha hayo mawili, na sitajifanya nimeiona.

Yaliyobaki ya historia ni mafupi. Mwaka 1961 Kodak walitoa Carousel, duara la plastiki lililopanga slaidi na kuziangusha moja moja kwa kubonyeza, mkono ukaacha kusukuma. Mwaka 1987 kampuni ndogo ya California ilitoa programu ya PowerPoint, ikanunuliwa na Microsoft mwaka huohuo, na kurasa zake zikarithi jina la vioo. Kodak waliacha kutengeneza mashine za slaidi mwaka 2004. Siku hizi kwenye ukumbi wetu hakuna kinachoteleza isipokuwa watu mlangoni mvua ikinyesha, lakini tunaendelea kusema slaidi inayofuata.

Kilichobadilika kwa kuondoka kioo ni uzito. Slaidi ya Alice ilikuwa kioo, ingeanguka ingepasuka, na aliyeibeba alijua ameitoa wapi. Ile namba tisa ilikuwa imetoka kwenye mafaili ya ofisi, ikahamishwa kutoka ripoti hadi ripoti, na njiani mtu ambaye hajawahi kufika hapa akaiongezea maneno yaliyoufaa mradi wake. Haya nimeyajua kwa kuuliza. Ilinichukua wiki tatu kupata ujasiri, maana posho yangu inatoka mezani kwao. Mwezeshaji hakukasirika. Alikaa kimya, akaomba radhi, akasema wakati anaandaa alikuwa anatafuta tu picha ya mvua. Waliiondoa, na nikaomba nakala nipewe kwenye flashi. Akauliza ya nini. Nikasema ya mwenyewe.

Nilimpa mdogo wangu jioni, mama akiwepo. Sikuwa nimemwomba radhi bado kwa lile la kipaza sauti, na nilikuwa nimeandaa maneno mengi, baadhi yake nimeyaandika hapa. Yeye alichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili. Akaupita uso wake, akaipita bidoni, akashuka mpaka chini kwenye udongo. Mtoto wa kwenye picha amevaa ndala kubwa mno, za bluu, zile ambazo vijana wa siku hizi nao wanaziita slaidi, na kisigino chake kinaishia katikati ya soli. Mimi nilikuwa nimeiangalia picha ile pengine mara hamsini na sikuziona.

"Yaya," akasema, "hizi si ni zako?"

Mama akaja akachungulia. Akasema ndiyo, ni zangu, na siku ile nilikuwa nimekaa ndani nasubiri zirudi niende shule.